Mhariri, na sisi wachorachoraji tupeni kona

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee kuchorachora. Simaanishi uchoraji ule wa turubai na maonyesho, namaanisha ile umekaa foleni benki au unasikiliza simu ndefu ya shemeji, peni iko mkononi, unajikuta umechora jicho, jicho limeota miguu, miguu imevaa ndala, basi kashakua mtu. Dakika mbili tatu kazi imeisha. Tunaofanya hivyo ni wengi kuliko mnavyodhani, angalieni nyuma ya risiti za dukani, kwenye maboksi ya sigara pale kwa walinzi, kurasa za mwisho za kaunta buku za wanafunzi, kumejaa tele na mingine ni mizuri mpaka unatamani kuondoka nayo.

Kinachoniuma ni kwamba ukionekana unachora swali la kwanza ni "unauza?" na ukisema hapana la pili ni "sa faida yake nini?" Mtu anacheza bao kijiweni toka saa tisa mpaka magharibi hamna anaemuuliza faida, na ni sawa kabisa maana anaburudika. Ila mchoro eti lazima uwe biashara au uwe mzuri wa kutundika ukutani, kama hauko hivo unaambiwa unachezea karatasi. Ndiyo, tunachezea, na raha yenyewe iko hapo!

Watoto ndo wanaumia zaidi. Mtoto akikutwa kachora pembeni ya daftari la hesabu anachapwa, kosa lake hasikilizi. Sasa kuna mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Plymouth kule Uingereza, Jackie Andrade, aliwachukua watu 40 akawasikilizisha ujumbe wa simu uliotengenezwa uwe wa kuchosha makusudi, nusu yao wakapewa penseli wawe wanapaka vimaumbo kwenye karatasi huku wanasikiliza. Baadae walipoulizwa ghafla, wenye penseli wakakumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao. Utafiti huo ulitoka 2009. Ni kweli walikua wanapaka vimaumbo tu, hawakua wanachora kuku kapanda bodaboda, na watu 40 sio wengi, lakini kwangu inatosha mwalimu kabla hajashika fimbo amuulize mtoto "nimesema nini?" na akijibu sawasawa amuache na kuku wake.

Na nchi yetu sio ya kushangaa michoro ya mchezo jamani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar 1968, na rangi za baiskeli, kwenye vipande vya ubao wa dari, akafariki 1972. Miaka minne tu, na leo ukienda Oysterbay mafundi wa mtindo wake bado wapo wanachora. Yeye alikua anauza, sikatai, nachosema hakungoja cheti wala rangi za gharama ndo aanze.

Anaetaka kujaribu, tumia peni na sio penseli, alafu raba weka mbali, maana ukianza kufuta tu ushaanza kuogopa. Fumba macho chora mstari wowote wa kuzungukazunguka, fumbua, geuza karatasi huku na huku mpaka uone kitu, labda pua, labda mbuzi, ongeza jicho na masikio imetosha. Doa la chai nalo linafaa sana. Nyumbani kwetu tunacheza ule wa kukunja karatasi, mmoja anachora kichwa anakunja kisifunuke, mwingine kiwiliwili, wa tatu miguu, bila kuona cha mwenzie. Wasanii wa Paris walikua wanaucheza miaka ya 1920, kwetu anaupenda zaidi bibi, ambae siku zote anasema hajui kuchora, na miguu yake ndo inatuvunja mbavu kuliko yote.

Sasa Mhariri ombi langu. Kwenye ukurasa wa fumbo la maneno tupeni kisanduku kidogo kila Jumapili, msomaji atume mchoro wake alioupiga picha kwa simu, hata kama ni wa nyuma ya risiti. Msiweke zawadi tafadhali, wala mshindi wa kwanza na wa pili, zikiingia zawadi watatuma wataalamu na mama ntilie mwenye kipaji cha kuchora nyuso za wateja wake hatathubutu. Andikeni jina, mtaa, na umri kama ni mtoto, basi. Wa kwangu wa kuanzia ntautuma wiki hii hii, ni paka kavaa koti la konda.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam