Harding, Hughes na Fall: Mwezi Mmoja, Mji Mmoja

Swahiba wangu mpendwa,

Baada ya salamu, natumaini u mzima wewe na wote wa nyumbani kwako; huku kwetu hatujambo. Barua yako imenifikia, na sehemu niliyoirudia mara nyingi ni ile uliyosema kwamba urais wa Warren Harding, aliyeingia madarakani Machi 1921, Marekani ikiwa imetoka katika Vita Kuu ya Kwanza, haukuacha chochote ila wizi. Sikubaliani nawe, ingawa wizi huo siukani hata kidogo.

Kumbuka tarehe 12 Novemba 1921. Siku moja kabla yake Wamarekani walikuwa wamemzika askari asiyejulikana katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, na sasa wajumbe wa mataifa walikuwa wamekusanyika Washington kwa mkutano wa kupunguza silaha, wakitazamia hotuba za makaribisho. Charles Evans Hughes, Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama akaeleza kwamba Marekani ilikuwa tayari kuziacha manowari kubwa 30, zikiwemo zilizokuwa bado zinaundwa, kisha akazitajia Uingereza na Japani, meli kwa meli, zile ambazo nazo zingepaswa kuziacha. Mkataba uliotiwa saini tarehe 6 Februari 1922 uliweka uwiano wa uzito wa manowari kubwa wa 5 kwa 5 kwa 3 baina ya Marekani, Uingereza na Japani, Ufaransa na Italia zikapata 1.75 kila moja, na uundaji wa manowari kubwa ukasimamishwa kwa miaka 10. Najua kwamba idadi ya nyambizi haikuwekewa kikomo, na kwamba Japani iliuacha mkataba huo katika miaka ya 1930. Hata hivyo, dola zenye nguvu zilikubali kuharibu silaha ambazo hakuna adui aliyezinyang'anya, na jambo hilo mimi naliheshimu sana.

Sasa tazama tarehe 30 ya mwezi huohuo, katika mji huohuo, mkutano ukiwa bado unaendelea. Mtoto wa Edward Doheny, tajiri wa mafuta, alimpelekea waziri Albert Fall dola 100,000 taslimu ndani ya mkoba, fedha ambazo baadaye zilielezwa kuwa ni mkopo. Fall ndiye aliyesimamia ardhi za serikali, na miezi sita kabla Harding alikuwa ametia saini amri iliyomkabidhi akiba ya mafuta ya jeshi la majini. Mafuta hayo ya Elk Hills, California, na Teapot Dome, Wyoming, yalikuwa yametengwa makusudi ili manowari zisikwame siku ya haja. Fall aliyakodisha mwaka 1922 bila zabuni ya wazi: Elk Hills kwa Doheny, na Teapot Dome kwa Harry Sinclair, ambaye naye alimpa hati za dhamana za serikali kupitia kwa mkwe wa Fall. Kwa hiyo jeshi lilelile ambalo meli zake zilipunguzwa hadharani kwa ajili ya amani, mafuta yake yaligawiwa kwa siri kwa ajili ya matumbo ya watu.

Hakuna ushahidi kwamba Harding mwenyewe alipokea hongo. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba alimwamini Fall kama alivyomwamini Hughes, bila kumchunguza yeyote kati yao. Uhuru uleule uliompa Hughes nafasi ya kuishangaza dunia ndio uliompa Fall nafasi ya kuuza mali ya umma, na ndio uliomwacha Charles Forbes, mkuu wa idara ya askari wastaafu, auze kwa bei ya kutupa vifaa vya hospitali vya majeruhi. Hilo la mwisho linaniuma kuliko mafuta.

Harding alifariki San Francisco tarehe 2 Agosti 1923, kabla Seneta Thomas Walsh hajaanza kuwahoji mashahidi wa kashfa hiyo ya mafuta mwezi Oktoba. Fall alitiwa hatiani mwaka 1929 na kuingia gerezani mwaka 1931, akiwa waziri wa kwanza wa Marekani kufungwa kwa uhalifu alioutenda akiwa kazini. Doheny, aliyeshtakiwa kwa kutoa fedha zilezile, aliachiwa huru. Hukumu hizo mbili kwa mkoba mmoja sijaweza kuzipatanisha mpaka leo, na wewe uliyesoma sheria nakuomba unieleze katika barua yako ijayo.

Nisalimie watoto.

Wako akupendaye.