Nitunzie miche ya mkilua wa bibi

Shoga yangu Mwanasha,

Asalaam aleikum, wa huko wote wazima? Sisi alhamdulillahi, mama goti lamsumbua tu, na joto la Mombasa walijua. Niwie radhi nimenyamaza tangu Idi, si kwamba nilikusahau wallahi, ila tangu ami auze ile nyumba ya bibi Kisauni sina raha kabisa.

Nyumba nshakubali imeenda. Linalonikosesha usingizi ni ule mkilua wa uani, mti wetu wa vilua, yale maua ya kunukia. Mnunuzi ataka kufyeka kiwanja chote ajenge fleti, mwisho wa mwezi tuwe tushatoka, nikamuomba auache mmoja tu pale karibu na kisima, akanambia dada, miti iko mingi. Mingi wapi? Nenda Marikiti leo, asumini utapata, rehani utapata, vilua utazunguka mpaka miguu ikuume.

Wakumbuka harusi ya Fatma? Bibi alituamsha alfajiri tukachume, na vile ua likiwa changa ni kijani kama majani hulioni, walifuata kwa harufu, mpaka ligeuke manjano na kule ndani shinani lina wekundu. Kila kikuba, kile kishada cha maua ya kujipamba, alitia vilua viwili tu, kati ya asumini na rehani, akasema vikizidi vitameza harufu nyengine. Leso yangu ilinukia wiki nzima.

Sasa yule Salim wetu anayesomea mimea kanieleza jambo ambalo sikulijua. Mkilua uko peke yake kwenye jenasi yake, hauna ndugu wa tumbo moja. Ukoo wake ndo huo wa mstafeli na mlangilangi, na wataalamu walipouandika 1970 walichukua jina letu hili hili, wakauita Mkilua fragrans. Na kwao asili ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania basi, dunia nzima hakuna kwengine, na misitu yenyewe waiona inavyokwisha kwa mkaa na mashamba na viwanja. Tena uko kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini. Na huyu mnunuzi aja kukata mmoja ambao bibi ameumwagilia miaka arobaini! Namuomba Mungu anipe subira.

Nilikata vijiti vinne nikavipanda kwenye makopo, vyote vikakauka. Lakini juzi nafagia chini yake nikaona miche mitatu imeota yenyewe, mmoja ushafika majani sita, nimeing'oa na udongo wake nimeitia kwenye beseni. Ila hapa kwangu Majengo ni ghorofa ya tatu, jua lapiga veranda kutwa, na huu ni mti wa msituni, wataka kivuli. Ndo nikakukumbuka wewe na shamba la Msambweni. Nataka uipande, shoga, na sina mwengine wa kumuomba.

Ule mwembe mkubwa bado upo? Na mbuzi wa jirani, mlishapiga ua ama bado wapita? Maji ya kisima hayajaingia chumvi? Jumamosi nikivuka feri mapema na beseni langu nitakukuta? Nambie leo leo, mmoja ule mdogo ushaanza kulegea majani.

Wako,
Khadija