Bima ya Afya kwa Mzazi Anayekwenda Kumtembelea Mwanawe Ughaibuni

Kila ifikapo Aprili, mvua ikiwa bado inanyesha Tukuyu, wazazi huanza kufika katika ofisi yetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakiwa na barua ya mwaliko kutoka kwa mtoto anayeishi Uingereza, Ujerumani au Kanada. Mazungumzo huanzia kwenye viza, yakahamia kwenye tiketi, na mwishoni kabisa, mzee akiwa ameshasimama kuaga, ndipo huulizwa ile karatasi ya bima inayotakiwa na ubalozi ni shilingi ngapi. Tunaandika makala haya kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayoamua nani atalipa hospitali mama akiugua ugenini, na katika familia nyingi tulizozihudumia hakuna aliyekuwa ameisoma.

Wengi hudhani kwamba mzazi tayari ana kinga ya namna fulani. Kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inayompatia mama huduma katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya haiendi naye akivuka mpaka, na hata akilazwa Manchester au Hamburg haitalipa chochote. Bima ya mtoto aliye huko nayo haimfuniki mzazi mgeni. Ujerumani, kwa mfano, bima ya umma ya mfanyakazi inaweza kumchukua mke au mume na watoto wake, lakini baba na mama hawamo.

Kwa nchi 29 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, Ujerumani ikiwemo, sharti limeandikwa wazi katika kanuni za viza: mwombaji awe na bima ya safari yenye kiwango kisichopungua euro 30,000, inayotambulika katika eneo lote, na inayogharamia matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurejeshwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa na, Mungu apishe mbali, kusafirisha mwili. Tarehe za bima lazima zifunike siku zote za ukaaji, na viza yenyewe hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Sisi hushauri ziongezwe siku chache za tahadhari, kwa sababu ndege huchelewa na wazee huchoka. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Anayetoka Mbeya akumbuke pia kwamba kwenda kutoa alama za vidole Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 800.

Mtoto aliyeko Ujerumani anapaswa kuzingatia jambo jingine. Mara nyingi huenda katika ofisi ya wageni ya mji wake na kutia saini tamko la kubeba gharama zote za mgeni wake, na tamko hilo linahusu pia matibabu. Bima isipolipa, serikali inaweza kumdai yeye. Tumezungumza na vijana waliotia saini wakidhani wanathibitisha chakula na malazi tu.

Uingereza hali ni tofauti, na tofauti hiyo huwapotosha watu. Mgeni anayekwenda kwa viza ya kawaida ya kutembelea, ambayo kwa kawaida ni ya miezi 6, hadaiwi bima wala halipi ile tozo ya afya wanayolipa wanaokwenda kuishi, hivyo familia husikia kwamba huko matibabu ni bure. Ni kweli kwamba kumwona daktari katika idara ya dharura hakulipiwi, na matibabu ya kifua kikuu au malaria nayo hayalipiwi. Lakini mgonjwa akishatolewa idara ya dharura na kulazwa wodini, hesabu inaanza, na mgeni asiye mkazi hutozwa asilimia 150 ya bei ambayo mfumo wa huduma za afya wa nchi hiyo umeipangia huduma hiyo. Huduma ya haraka haitazuiliwa kwa kukosa fedha. Ankara itamfuata baadaye. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa ndani ya miezi 2 huweza kupelekwa kwa mamlaka za uhamiaji, na mzazi akaja kunyimwa viza siku nyingine anapotaka kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa.

Kanada wana viza maalumu ya wazazi na mababu, inayomruhusu mzazi kukaa hadi miaka 5 kwa mkupuo mmoja. Sharti lake ni bima ya angalau dola 100,000 za Kanada, yenye uhai wa mwaka mmoja tangu siku ya kuingia, na iwe imelipiwa, ama yote ama kwa awamu baada ya malipo ya kwanza. Makadirio ya bei pekee hayapokelewi.

Hata hivyo, kiwango kikubwa cha fedha hakina maana iwapo ugonjwa wenyewe umeachwa nje ya mkataba, na hapa ndipo tungependa msomaji atulie nasi. Miaka kadhaa iliyopita tulimhudumia mama mmoja wa Rungwe aliyekuwa akitumia dawa za presha. Fomu ya bima ilijazwa na mwanawe kwa haraka, na penye swali la magonjwa aliyonayo aliandika hapana, kwa kuwa presha ya mama ilikuwa imetulia na nyumbani hakuna aliyeiita ugonjwa. Mama alipolazwa ugenini, kampuni iliomba kumbukumbu zake za kliniki, ikaona miaka ya matibabu, ikakataa kulipa. Deni lilibaki kwa kijana, naye alilipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake. Nasi tulikuwa na kosa letu: tulipokea fomu ile bila kumuuliza mama mwenyewe. Tangu siku hiyo hatupokei fomu ya mtu aliyezidi miaka 60 bila kukaa naye, na ikibidi kuzungumza naye kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, tunafanya hivyo.

Mikataba mingi, hasa ile ya Kanada, hukubali ugonjwa wa zamani kwa sharti kwamba umekuwa tulivu kwa muda uliotajwa, labda siku 90 au 180 kabla ya safari. Utulivu katika lugha ya bima una maana pana: kuongezewa kipimo cha dawa, au kubadilishiwa dawa, kunaweza kuhesabiwa kuwa ugonjwa haukutulia. Wazazi wengi huenda kliniki wiki moja kabla ya kuondoka ili wasafiri wakiwa salama, wakabadilishiwa dawa, na bila kujua wakavunja sharti hilo. Hatusemi mtu aache kwenda kwa daktari. Tunasema aende mapema, na dawa ikibadilishwa, kampuni ijulishwe kabla ya safari, hata kama bei itapanda.

Dawa zenyewe zichukuliwe za kutosha safari nzima, zikae katika vifungashio vyake ndani ya mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina halisi la kila dawa. Dawa kali za maumivu kama tramadol zina masharti katika nchi kadhaa, hivyo zitajwe mapema.

Kwa hiyo tunaomba mzazi afike ofisini kabla tiketi haijalipiwa, akiwa na pasipoti, barua ya mwaliko, daftari la kliniki na dawa zote anazotumia, ziwe zimo kwenye mfuko mmoja. Tutampigia mtoto simu akiwa hapo hapo, tusome mkataba pamoja kwa Kiswahili, na tuandike kwenye karatasi moja ya kubaki na mzazi namba ya dharura ya kampuni na kiasi ambacho familia itaanza kulipa yenyewe kabla bima haijaingia.