Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu hapa Ujiji nikaahidi kwamba kila mwanafunzi atakayeazima kitabu kwenye sanduku letu la vitabu vya hadithi pale shuleni atakirudisha na muhtasari wa ukurasa mmoja. Mlipiga makofi. Leo naanza kwa kukiri kwamba tulikosea, na wazo lilikuwa langu.

Kufikia Machi sanduku lilikuwa limejaa vitabu na vumbi. Binti mmoja wa kidato cha pili, nilipomuuliza mbona haonekani tena, alinisalimia kwanza kwa adabu, kisha akasema: "Mzee, nikisoma nawaza muhtasari, hadithi inanipita." Nikakosa la kujibu. Watoto hawa wakiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Hadithi za Kiswahili wanakuja kuzikuta kwenye uhakiki: jadili dhamira, onesha ufaafu wa jina la kitabu. Wapo wanaoingia kwenye mtihani wa kidato cha nne na notisi za kunakili, kitabu chenyewe hawajakishika. Sisi nasi tukawaongezea mzigo, tukauita burudani.

Aprili tuliufuta muhtasari. Daftari la azima sasa lina safu tatu: jina, kitabu, tarehe. Mwalimu anayetusaidia ametenga nusu saa kila Jumatano baada ya vipindi, watu wasome kimya. Sharti ni moja na linamhusu yeye: akae mbele asome kitabu chake, asisahihishe madaftari. Mwanzoni vijana walikuwa wanamchungulia kuona kama kweli anafunua kurasa. Siku alipocheka peke yake, darasa zima lilitaka kujua anasoma nini, na kitabu hicho kina foleni mpaka leo.

Kisha Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Kwa nyumba nyingi za Kibirizi na Katonga ile ilikuwa miezi migumu, sitaki kuisifu. Ila wavulana waliozoea kukimbilia mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kengele ikilia walibaki, wakakaa nasi Jumatano. Ziwa lilipofunguliwa baadhi waliondoka na vitabu vyetu. Kimoja kimerudi na dagaa mkavu katikati ya kurasa, kawekwa kuwa alama ya pale msomaji alipoishia. Mweka hazina alitaka kutoza faini. Nilikataa, na nitakataa tena.

Wapo wazee wangu walionipigia simu kulalamika kwamba sanduku lina hadithi za mapenzi na za kipelelezi, na kwamba tunawaharibu watoto. Nimezisoma zote, tena moja nimeirudia. Zilizokuwa chafu kweli nimezitoa. Zilizobaki nazitetea, maana mimi mwenyewe kusoma nilikuzoea kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa karanga, wala hakuna aliyenichagulia habari.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Nami niseme tu kwamba gundi na majalada vimetugharimu kuliko vitabu vipya, jambo ambalo halinisikitishi hata kidogo. Suala la kuweka sanduku kwenye shule ya pili linasubiri tupate mwalimu wa kukaa mbele, kwani sanduku peke yake tulishalijaribu.

Nina ombi moja. Kuna riwaya ya upelelezi ambayo kurasa zake za mwisho zimechomoka. Vijana wamebishana wiki mbili muuaji ni nani. Watatu wamejiandikia mwisho wao na kuubana kwa pini ndani ya jalada, bila kuagizwa na mtu. Mwenye nakala nzima nyumbani anione baada ya mkutano nimwoneshe jalada. Ila asiilete kabla ya Jumatano ijayo, kuna wa nne bado anaandika.

Mwenyekiti