Kipimo chasema moyo ni mzima, nami mwinuko wa feri unanishinda: nimwone bingwa?

Kwa mshauri wa afya,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mkaazi wa Likoni, na ninafanya kazi katika duka la leso kwenye Barabara ya Biashara, kule kisiwani. Ninaandika kwa sababu ushauri wa watu wa nyumbani umegawanyika, nami sijui tena nimfuate nani: je, niende kumwona daktari bingwa wa moyo, au niridhike na jibu nililokwisha kupewa kwamba moyo wangu hauna tatizo lolote?

Dalili zilianza kidogo kidogo kabla ya Ramadhani iliyopita, na ya kwanza ilikuwa pumzi. Anayevuka Likoni kila siku anaujua ule mwinuko wa kutoka kwenye feri hadi kwenye matatu. Zamani niliupanda huku nikizungumza, ila sasa hunilazimu kusimama katikati na kujifanya natafuta kitu mkobani, huku umati ukinipita pamoja na mikokoteni iliyosheheni mizigo. Dukani nako, jora la kitambaa nililokuwa nikilibeba peke yangu sasa namwita kijana anisaidie. Usiku nimeongeza mto wa pili kisha wa tatu, kwa kuwa nikilala chali bila kuinua kichwa pumzi hunibana mpaka nikae kitako. Miguu huvimba jioni, lakini hilo silitilii mkazo sana, kwani kazi yangu ni ya kusimama kutwa.

Kisha moyo ukaanza kunipapa. Hunijia ghafla, hata nikiwa nimekaa nakunja leso, na mapigo yake hayana mpango: yanakuja mawili ya haraka, linakosekana moja, kisha yanafuatana mengi kwa pamoja. Baada ya muda hutulia yenyewe na kuniacha nimechoka mithili ya mtu aliyetoka mbioni. Mpwa wangu anayesomea uuguzi alinifundisha kuhesabu mapigo ya kifundo cha mkono kwa dakika nzima, akanieleza kwamba kwa mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Siku aliyonihesabia mwenyewe yalizidi 130, na alisema kilichomtia shaka zaidi si wingi wake bali kutolingana kwake.

Nilikwenda katika kliniki moja ya karibu na nyumbani. Tabibu alinipima presha, sukari na wingi wa damu, na vyote vikawa sawa. Akanilaza, akanibandika nyaya za kupima umeme wa moyo, na karatasi ilipotoka akasema ni safi kabisa. Alinisikiliza kifua kwa kifaa chake juu ya buibui, naye, nadhani kwa kunistahi, hakuomba niufungue. Akaniuliza kama ninatafuna muguka, swali ambalo lilinichekesha, ingawa nakiri kwamba hapa Mombasa ni swali la haki, maana mmea ule huuendesha moyo mbio na kupandisha presha, na wanaoutafuna si vijana wa kiume peke yao kama tunavyopenda kuamini. Mimi situmii. Kahawa tungu niliyoizoea jioni niliiacha, wala mabadiliko sikuyaona. Nilitoka pale na dawa ya asidi, pamoja na maelezo kwamba ni wasiwasi na umri wa kukaribia ukomo wa hedhi.

Jibu hilo lingenitosha kama siku ile moyo ungekuwa unapapa. Haukuwa. Nilikuwa nimelala nimetulia, na mpwa wangu ananiambia kwamba kipimo kile cha kawaida hurekodi takriban sekunde kumi tu, hivyo hitilafu inayokuja na kuondoka inaweza kukikwepa bila shida. Anasema kipo kifaa kidogo, huitwa Holter, ambacho mgonjwa hukivaa kwa saa 24 au zaidi akiendelea na shughuli zake, na kwamba eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huonyesha vali, yaani vilango vya ndani ya moyo vinavyopitisha damu, zinavyofunguka na kufunga, jambo ambalo karatasi ya umeme haiwezi kulionyesha moja kwa moja.

Neno hilo la vali ndilo linalonikosesha usingizi, na ndilo ambalo tabibu sikumgusia kwa kuwa hakuniuliza na mimi sikujua kwamba lina uhusiano. Mamangu ananikumbusha kwamba nilipokuwa na miaka tisa hivi, tukiishi Vanga, niliumwa na koo, na baada ya wiki chache nikashikwa na homa na maumivu ya viungo yaliyohama: leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Wazee walisema ni baridi yabisi, nikasingwa kwa mafuta hadi nikapona, na mambo yakaishia hapo. Mpwa wangu alipoisikia habari hiyo alinieleza kwamba koo linalosababishwa na bakteria aina ya streptokoka, lisipotibiwa, linaweza kuufanya mwili ujishambulie wenyewe. Viungo hupona, lakini vali za moyo zinaweza kubaki na makovu yanayozidi kuzibana polepole, na dalili zikajitokeza miaka mingi baadaye. Watoto wanaogunduliwa mapema huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, ili ugonjwa usirudi. Mimi sikuwahi kuchomwa hata moja. Nakumbuka pia kwamba katika ujauzito wa mwanangu wa pili nilihema sana miezi ya mwisho, na kliniki nikaambiwa mtoto ananibana mapafu.

Mume wangu, ambaye huendesha lori kutoka bandarini hadi Kampala na huwa nyumbani kwa nadra, anashikilia kwamba kama kipimo kimesema hakuna kitu basi hakuna kitu, na kwamba madaktari bingwa wa binafsi humwagizia kila anayeingia vipimo vyote walivyonavyo. Mavyaa yangu anaona ni hasadi tangu nipandishwe cheo dukani, na ameniletea kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa. Nimelinywa kwa heshima zote, nyiradi zangu nazisoma, wala sioni kwamba dua na daktari vinagombana. Ila yeye anaona kukimbilia bingwa ni kukosa tawakali, na hapo ndipo ninaposhindwa kumjibu bila kumvunjia adabu.

Suala la fedha nalo ni zito. Ada ya kumwona bingwa wa binafsi pamoja na eko inapita akiba yangu ya miezi kadhaa, na karo ya chuo ya binti yangu inasubiri. Mchango wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, ile asilimia 2.75, hukatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi, na nimeelezwa kwamba nikipata barua ya rufaa naweza kuanzia hospitali ya umma, Makadara, ingawa itanibidi kusubiri zamu. Kusubiri kwenyewe ndiko kunakonitia hofu, kwa sababu mpwa wangu ameniambia kwamba moyo unaopapa bila mpango huweza kuganda damu ndani yake, na bonge hilo likipanda kichwani ndiyo kiharusi. Nimekwisha mwagiza binti yangu kwamba nikizimia, nikipata maumivu ya kifua yasiyoachia, au uso wangu ukipinda, asimngoje babake wala asimwite mtu wa kisomo, bali anipeleke hospitali saa hiyohiyo.

Ninachoomba kutoka kwako ni hiki. Je, kwa dalili hizi na historia hii ya utotoni, nirudi kwa tabibu yuleyule nimweleze habari ya baridi yabisi na kumwomba barua ya rufaa, au ni jambo la kumwona bingwa moja kwa moja hata kwa kukopa kwenye chama chetu? Nikiwa na fedha za kipimo kimoja tu kwa sasa, nitangulize eko au kile kifaa cha saa 24? Na wakati ninasubiri, je, niendelee kubeba majora na kuupanda mwinuko wa feri kila asubuhi, au nimwombe mwajiri wangu anipe kazi ya kukaa kwenye kaunta?

Wako,
Msomaji wa Likoni, Mombasa