Busara imekuwa kisingizio

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu neno busara, maana kwakweli tunalichosha. Siku hizi mtu akikamatwa na kosa lake mchana kweupe utasikia "mkubwa tumia busara basi", hapo hataki upime jambo, anataka umwachie aende zake. Bosi naye akipindisha utaratibu ili mtu wake apate nafasi, ukimuuliza anakujibu "tulitumia busara" na stori inaishia hapo, we nani ubishane na busara? Halafu ukisema ukweli kikaoni eti huna busara, yaani unaambiwa nyamaza ila kwa lugha tamu. Na mi simo nje, juzi tu deni limenishinda nikamwambia mwenye hela zake atumie busara, kumbe nilikuwa naomba muda tu, ningesema hivyo hivyo.

Sasa neno lenyewe lilikotoka halihusiani kabisa na kufumba macho. Ni la Kiarabu na mzizi wake ni kuona, hata lile jina Al-Basiir kwenye majina 99 ya Mwenyezi Mungu maana yake ni Mwenye kuona. Kwahiyo mwenye busara ni yule anayeona, tena anaona mpaka mbele, nikilisema hili leo kesho litazaa nini, huyu nikimwachia ataumia nani. Anayesema usipoziba ufa utajenga ukuta ndo mwenye busara, ila sisi busara tunampa yule anayetuambia ufa wenyewe mdogo tuuache.

Afu kuna hekima, tunazitaja pamoja kama mapacha, "kwa hekima na busara zako mheshimiwa", lakini sio kitu kimoja. Hekima ukoo wake ni hakimu, hukumu, mahakama, huko ni kwenye kuamua. Mi ningekuwa na uwezo ningegeuza tuseme busara na hekima, maana mtu ataamua vipi na hajaona?

Na nyie waandishi Mhariri, kila wiki "watakiwa kutumia busara", "busara yamaliza mgogoro". Siku nyingine muulizeni huyo msemaji aliona nini mpaka akaamua vile, afu mtuandikie hicho alichokiona.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.