Karatasi ya maabara imeandika "hasi". Hasi kwa nani?

Mwezi uliopita aliingia ofisini kwetu kaka mmoja kutoka Unguja na bahasha mbili mkononi. Moja ya mkewe, ambaye ni Mpolandi, na moja yake mwenyewe. Walikuwa ukweni kwa likizo, na kwa kuwa mama mkwe aliugua saratani ya matiti akiwa na miaka 41, wakaamua kupimwa vinasaba wote wawili. Karatasi ya mke ilisema ana mabadiliko kwenye jeni ya BRCA1. Ya mume ilisema hasi. "Hii yangu msihangaike nayo sana," alituambia huku anacheka, "mimi niko salama."

Tulihangaika na yake kuliko ya mkewe, na makala haya ni kwa ajili ya wengine wenye karatasi kama hiyo kabatini.

Kwa wasiotufahamu: sisi ni ofisi ndogo, tunatafsiri hati za hospitali kutoka Kipolandi, Kirusi na Kiukraini kuja Kiswahili. Wateja wetu wengi ni familia mchanganyiko. Wapo wazee waliokwenda kusoma Moscow tangu chuo cha Lumumba kilipofunguliwa mwaka 1960 wakarudi na wake, na wapo vijana waliokutana na wenzi wao kwenye hoteli za Zanzibar, maana watalii wa Kipolandi siku hizi wamejaa kule. Sisi si madaktari. Lakini ukitafsiri karatasi za aina moja miaka kadhaa, unajua watu wanajikwaa wapi.

Wanajikwaa kwenye namba kama 5382insC. Maana yake si ya kutisha kuisoma: jeni ni maandishi marefu ya herufi nne tu, A, C, G na T, na mwili huyasoma herufi tatu tatu. Chukua sentensi LEO UJE ULE. Ongeza K moja baada ya neno la kwanza, kisha endelea kusoma tatu tatu: LEO KUJ EUL E. Mwaliko wa chakula umepotea. Ndivyo ilivyotokea kwenye BRCA1, jeni iliyo kwenye kromosomu ya 17 na ambayo kazi yake ni kukarabati vinasaba vinapokatika. Herufi moja ya C imeongezeka, fundi hayupo tena, na saratani inapata mwanya.

Jeni hii inaweza kuharibika kwa namna nyingi mno, mamia kwa mamia, na kila ukoo huwa na kosa lake. Kwa Wapolandi mambo ni tofauti. Mwaka 2000 watafiti wa huko walionyesha kwamba makosa matatu tu, yaani 5382insC, C61G na 4153delA, yanabeba sehemu kubwa ya familia zenye BRCA1 mbovu, na hilo la kwanza peke yake karibu nusu. Ukichukua Wapolandi wa kawaida, takriban mmoja katika kila 200 ana mojawapo ya hayo matatu. Warusi na Wabelarusi nao wanalo sana hilo la 5382insC.

Sababu ni ukoo. Alikuwapo mtu mmoja, kwa makadirio miaka kama 1,800 iliyopita, huko Skandinavia au kaskazini mwa Urusi ya leo, na kosa lake limeteremka kwa wajukuu na vitukuu. Baadaye sana likaingia pia kwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, huenda wakiwa Poland, na kwa muda mrefu madaktari walilijua kama kosa la Kiyahudi. Kwa hiyo ukisikia "mabadiliko ya Kislavi", yaani ya Wapolandi, Warusi na ndugu zao wa lugha, ichukulie kwa tahadhari. Uslavi ni lugha kwanza, kama Uswahili ulivyo. Haupimiki kwa damu.

Sasa turudi kwenye bahasha ya pili. Maabara ikishajua kwamba makosa machache yanarudiarudia, haina haja ya kusoma jeni nzima. Inachungulia sehemu hizo tu. Ni rahisi na haraka, na kwa Mpolandi ni busara kabisa. Lakini kaka yetu wa Unguja alipimwa kwa kipimo hichohicho. Maabara ilichungulia mahali ambapo babu zake hawana sababu ya kuwa na kosa, ikakuta hakuna, ikaandika hasi. Haikusema uongo. Ni kama umetafuta funguo kwenye kabati la jirani, ukasema hazionekani.

Tulipomweleza, akanyamaza kidogo, kisha akasema shangazi yake alifariki kwa saratani ya matiti kabla hajafika miaka 40. Hapo tafsiri ikawa imefika mwisho wake. Tukamwambia aende kwa daktari na historia hiyo, aulize kama anahitaji kusomewa jeni nzima.

Namba nyingine inayotuletea simu usiku ni 657del5. Hii iko kwenye jeni ya NBN, kromosomu ya 8, ambako herufi tano zimefutika. Ugonjwa wake ulielezwa mwaka 1981 katika mji wa Nijmegen, Uholanzi, na ukapewa jina la mji huo, ingawa wagonjwa wengi mno duniani wana asili ya Kislavi na zaidi ya tisa katika kumi wana kosa hilihili moja. Mtoto huzaliwa na kichwa kidogo, kinga yake ni dhaifu, vifua haviishi, na saratani ya limfoma humwinda mapema. Vinasaba vyake havistahimili mionzi, ndiyo maana karatasi zao huwa na onyo kuhusu eksirei. Tukikutana na onyo hilo tunaliandika kwa herufi nene ukurasa wa kwanza.

Katika Poland, Ucheki na Ukraini, mbebaji, yaani mwenye kosa hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ni takriban mtu mmoja katika kila 177. Miongoni mwa Wasorbi, Waslavi wachache wa mashariki mwa Ujerumani, kimewahi kupatikana kiwango cha juu zaidi. Namba ya 177 ndiyo inayowatisha wateja, na hapa tunaomba mtulie. Ugonjwa huu unahitaji kosa kutoka kwa baba na kwa mama, sawasawa na selimundu. Hata kwa wazazi wawili wa Kipolandi ambao hawajapimwa, ni 177 mara 177 mara 4 (kwa kuwa hata wakiwa wabebaji wote wawili, kila mtoto ana nafasi moja tu kati ya nne ya kuugua), yaani mtoto mmoja katika karibu 125,000. Kama mama ni Mpolandi mbebaji na baba ni mtu wa Tanga, uwezekano wa mtoto kuugua unakaribia sifuri. Anaweza kurithi ubebaji tu, nusu kwa nusu. Na kwa selimundu hesabu inageuka: baba akiwa mbebaji, mama wa Kipolandi kwa kawaida hana cha kuongezea.

BRCA1 haina huruma hiyo. Kosa kutoka kwa mzazi mmoja linatosha. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kulirithi, awe na baba wa Kraków au wa Kilwa. Mwanamke mwenye kosa hilo ana uwezekano wa karibu asilimia 72 wa kupata saratani ya matiti kabla ya miaka 80, na karibu 44 ya ovari. Mabinti wa kaka yetu bado wadogo, na kipimo hiki kwa kawaida hungoja utu uzima. Mwenye kufuatiliwa sasa ni mama yao.

Kwa wanaotuma picha kwa WhatsApp: wengi mnatutumia ukurasa wa majibu tu. Tunahitaji na ule wa nyuma, wenye maandishi madogo yanayoeleza njia ya kipimo na sehemu zipi za jeni zilizosomwa. Hatuuhesabu kwenye bei.